Mashine ya kahawa ni nini hasa, na ipi inakufaa nyumbani

Mashine ya kahawa ni chombo chochote kinachokutanisha maji ya moto na unga wa kahawa, kikaviacha pamoja kwa muda, kisha kikavitenganisha. Maana hiyo ni fupi, lakini imebeba karibu kila swali la kujiuliza kabla ya kununua. Maji yanaufikia unga yakiwa na moto kiasi gani? Yanakaa nao muda gani? Yanasukumwa na nini? Na mwishoni, kinachozuia machicha yasiingie kikombeni ni karatasi, wavu wa chuma au kitu kingine? Vitufe, saa ya kujiwasha yenyewe na kioo chenye taa vinakuja nyuma kabisa. Kwa maana hii, koni ya plastiki ya kuwekea karatasi ya chujio, inayokaa juu ya kikombe, ni mashine ya kahawa sawa na lile sanduku zito la chuma lenye bomba la mvuke, na mara nyingi koni ndiyo inayotoa kahawa nzuri zaidi.

Tuanze na kinachotokea ndani. Buni iliyokaangwa haiyeyuki yote. Takriban asilimia 30 tu ya uzito wake inaweza kuyeyuka katika maji, na kinachobaki ndiyo yale machicha tunayotupa. Hata hiyo asilimia 30 hatuitaki yote, kwa sababu ladha hutoka kwa zamu: uchachu hutangulia, utamu hufuata, uchungu na ukakasi huja mwisho. Ukikatisha mapema unapata kahawa chachu isiyo na utamu. Ukichelewa unapata kahawa inayokwaruza ulimi. Tangu kazi ya mwanakemia Ernest Lockhart huko Marekani katika miaka ya 1950, lengo la wataalamu limekuwa kuvuta kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa unga.

Hapa pana jambo moja linalowachanganya wengi, na mimi naona ndiyo roho ya mada yote. Tunaposema kahawa imekolea, huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni uzito: katika kikombe hiki mna kahawa kiasi gani ikilinganishwa na maji. La pili ni mvuto: maji yamechukua kiasi gani kutoka kwenye kila punje ya unga. Hayaendi pamoja. Unaweza kuweka vijiko vingi vya unga, ukapata kahawa nzito ambayo bado ni chachu, kwa sababu maji hayakupata nafasi ya kuvuta vya kutosha. Na unaweza kuweka unga kidogo, maji yakapita humo mpaka yakamaliza kila kitu, ukapata kahawa nyepesi lakini chungu. Uzito unaurekebisha kwa kijiko au, vizuri zaidi, kwa mizani. Gramu 55 hadi 60 kwa lita 1 ya maji ni pa kuanzia pazuri. Mvuto unaurekebisha kwa moto wa maji, muda, na ukubwa wa chenga za unga. Mashine unayonunua inahusika zaidi na huu mvuto, na ndiyo maana mashine mbaya haiponi kwa kuongeza vijiko.

Moto unaofaa ni nyuzijoto 90 hadi 96. Tuutumie kuipima mashine iliyoenea kuliko zote, ile ya umeme ya matone, ambayo unajaza maji nyuma, unaweka unga kwenye karatasi, unabonyeza kitufe na kahawa inadondoka kwenye jagi. Ndani yake kwa kawaida hamna pampu. Mna bomba fupi linalopita kwenye koili ya umeme. Maji yanaingia bombani, yanapashwa mpaka mapovu ya mvuke yanatokea, na mapovu hayo yanayabeba maji juu kwa mafungu hadi kwenye unga. Vali ndogo inayazuia yasirudi tangini. Ndiyo sauti ile ya kukoroma unayoisikia.

Sasa fanya hesabu. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 95 kunahitaji takriban kilojuli 293. Koili ya wati 600 inachukua zaidi ya dakika 8 kutoa joto hilo, hata kabla hatujahesabu linalopotea njiani. Koili ya wati 1400 inachukua kama dakika 3 na nusu. Kwa hiyo kwenye mashine dhaifu maji yanapanda kidogo kidogo, yanapoa njiani, na unga unakaa umelowa muda mrefu kupita kiasi. Unapata makosa mawili kwa pamoja: maji baridi yanayoacha uchachu, na muda mrefu unaoleta ukakasi. Ndiyo sababu namba ya wati iliyoandikwa chini ya mashine inaniambia mengi kuliko maneno yote ya kwenye kasha. Kwa jagi la lita 1 au zaidi, mimi singenunua iliyo chini ya wati 1000. Kwa mtu anayepika vikombe viwili tu, mashine ndogo yenye wati chache inaweza kufaa, kwani maji yenyewe ni kidogo.

Uangalie pia neno "vikombe". Kikombe cha watengenezaji ni mililita 125 hadi 150, wakati kile kikubwa cha mezani hubeba 250 au 300. Mashine ya "vikombe 10" ikijaa lita 1.25 itatosha watu wanne au watano, basi. Na usiinunue kubwa kwa kudhani utakuwa ukipika nusu: unga mchache unatandazika kwenye chujio pana na maji yanaupita haraka mno.

Jambo la mwisho kwenye mashine hizi ni mahali kahawa inaposubiri. Jagi la kioo linakaa juu ya bamba la moto, na bamba hilo linaendelea kuipika kahawa iliyokwisha kuiva. Baada ya nusu saa harufu imepungua na uchungu umepanda. Kama kwenu kahawa hunywewa taratibu asubuhi nzima, chagua yenye jagi la themosi lisilohitaji bamba.

Karatasi ya chujio nayo ina historia yake. Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alitoboa sehemu ya chini ya chombo cha shaba, akatandika karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, na kahawa yake ikatoka safi bila machicha. Alisajili hataza mwaka huohuo. Karatasi haizuii machicha peke yake; inazuia pia mafuta ya kahawa, yakiwamo kafestoli na kaweoli, ambayo yakinywewa kila siku kwa wingi huongeza lehemu, yaani kolesteroli, katika damu. Mtu ambaye daktari amemwambia aangalie lehemu yake ana sababu ya wazi ya kuchagua chombo cha karatasi, iwe mashine ya umeme au koni ya kumiminia kwa mkono.

Asiye na tatizo hilo anaweza kuyapenda mafuta hayohayo, na hapo linaingia birika la kukandamiza, lile lenye wavu wa chuma uliofungwa kwenye fimbo. Unga na maji vinakaa pamoja dakika 4, kisha unasukuma wavu chini. Kahawa yake ni nzito mdomoni na inabaki na vumbi kidogo chini ya kikombe. Ni chombo kinachosamehe makosa: hakihitaji umeme wala karatasi, na muda uko mikononi mwako. Kinachotaka ni unga wa chenga kubwa, na uimimine kahawa yote mara tu ukishakandamiza, maana machicha yaliyobaki chini yanaendelea kuvutwa. Adha yake ni kuosha. Machicha yanang'ang'ania kwenye wavu, na asiyekuwa na subira ya kuufungua na kuusugua atakunywa mafuta yaliyochacha ya wiki iliyopita.

Birika la moka, lililoanza kuuzwa Italia mwaka 1933 na Alfonso Bialetti, linakaa jikoni juu ya moto. Mvuke katika chumba cha chini unasukuma maji yapite kwenye unga hadi chumba cha juu. Maji yasivuke usawa wa vali ya usalama, unga usishindiliwe, na birika liondolewe motoni linapoanza kukoroma. Mengi ni ya alumini, kwa hiyo hayapati moto kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku. Hakikisha kabla hujanunua. Kahawa yake ni kali na tamu kwa anayeipenda, lakini siyo espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayosukumwa kwa presha kubwa. Presha ya moka ni ndogo, kama baa 1 hadi 2.

Espreso inataka baa 9, yaani takriban mara tisa ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Gramu 18 za unga laini ulioshindiliwa hutoa kama gramu 36 za kahawa ndani ya sekunde 25 hadi 30. Makasha mengi yanatangaza baa 15 au 20. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, haina maana kwamba kahawa itakuwa bora. Baa 9 zisizoyumba na joto lisiloyumba ndivyo vinavyotafutwa. Hii ndiyo njia inayodai zaidi kuliko zote. Tofauti ndogo sana ya usagaji inageuza sekunde 28 kuwa 12. Kama hupendi kusaga upya, kupima na kurudia kila unapofungua mfuko mpya wa buni, mashine ya espreso itakuchosha.

Mashine za vidonge, yaani vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye unga wa kahawa, nazitaja kwa ufupi. Ni safi, ni za haraka, kila kidonge kina unga wa gramu chache uliopimwa tayari. Lakini zinakufunga kwenye vidonge vya umbo moja, na kila kikombe kinaacha taka.

Niliyoyasema yote yanasimama juu ya kinu. Nimeona watu wakibadilisha mashine mara mbili, mara tatu, huku tatizo likiwa usagaji. Kinu cha visu kinakatakata buni ovyo: kinaacha vumbi na mapande ndani ya unga mmoja, vumbi likatoa uchungu huku mapande yakitoa uchachu, katika kikombe hichohicho. Kinu cha meno yanayosagana, hata cha kuzungusha kwa mkono, kinatoa chenga zinazolingana. Ukiwa na fedha ya kimoja tu kizuri, nunua kinu kizuri na koni ya bei rahisi. Buni ikisagwa, harufu yake inaondoka ndani ya siku chache, hivyo kusaga asubuhi hiyohiyo kuna faida kubwa kuliko kitufe chochote.

Ukikuta mashine ya matone iliyotumika, ijaribu bila unga. Jaza lita 1 ya maji, iwashe, shika saa, na weka kipimajoto pale maji yanapodondokea kwenye chujio. Ikimaliza kati ya dakika 4 na 8 na maji yakiwa juu ya nyuzijoto 90 kwa sehemu kubwa ya muda huo, ichukue. Ikichelewa, huenda bomba lake limeziba kwa ukoko wa chokaa unaoachwa na maji yenye madini mengi. Pitisha maji yaliyochanganywa na asidi ya sitriki au siki, yafuatishe maji matupu mara mbili, kisha pima tena.