Orodha ya Faili Kutoka Seva ya FTP Haina Umbo Moja

Vijana wengi wanaojifunza lugha ya C hapa Arusha huamini kwamba jibu la amri ya LIST, inayoiomba seva ya FTP (itifaki ya kuhamisha faili kwenye mtandao) orodha ya faili, lina umbo lililowekwa rasmi, na kwamba sscanf, kitendakazi cha C cha kuchambua maandishi, yenye safu tisa inatosha kulisoma. Sivyo. Waraka wa RFC 959 wa Oktoba 1985, unaoeleza kanuni za FTP, haukuweka umbo lolote la orodha hiyo. Seva nyingi huiga ls -l, amri ya Unix ya kuorodhesha faili, nyingine huanza na tarehe kwa mtindo wa DOS.

Chukua mfano wa seva ya ushirika wa wakulima Moshi:

-rw-r--r-- 1 karani ofisi 48213 Mar 14 09:20 mauzo ya kahawa.csv

Alama ya %s, ambayo sscanf huitumia kusoma neno, hukomea kwenye nafasi tupu, hivyo jina linalopatikana ni "mauzo" tu. Mwaka nao haupo, kwa kuwa ls huandika saa badala ya mwaka kwa faili za takribani miezi sita iliyopita. Programu inayojaza mwaka wa sasa itaisoma faili ya Desemba, orodha ikisomwa Januari, kuwa ya wakati ujao. Kosa hili naliona baya zaidi, kwa sababu hupita kimyakimya.

Palipo na MLSD, amri ya orodha yenye umbo rasmi iliyowekwa na RFC 3659 mwaka 2007, itumie kwanza:

type=file;size=48213;modify=20240314062000; mauzo ya kahawa.csv

Saa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Moshi kwa saa tatu. Tafuta nafasi tupu ya kwanza kwa strchr, kitendakazi cha kutafuta herufi. Yote yanayofuata ni jina. Ukubwa usome kwa strtoull, inayogeuza maandishi kuwa namba kubwa, kwani atoi, inayogeuza kuwa int tu, haifai kwa faili kubwa.