Uelekezaji wa huduma za medianuwai kwenye mitandao ya simu: maana yake

Ukipiga simu ya video kwenye 4G, kitu cha kwanza kutoka kwenye simu yako si picha wala sauti. Ni ujumbe wa maandishi wa SIP, itifaki (lugha ya kanuni) ya kuanzisha simu, uitwao INVITE, unaosema nani anamtafuta nani na anataka nini: sauti, video au vyote viwili. Kuamua ujumbe huo upite seva zipi, na kwa mpangilio upi, ndiko kunakoitwa uelekezaji wa huduma za medianuwai. Wengi hudhani namba iliyopigwa ndiyo inayoamua kila kitu. Kumbe sehemu kubwa ya njia ilishapangwa tangu simu ilipowashwa.

Kazi hii hufanywa na IMS, mfumo ulioingizwa kwenye viwango vya 3GPP, muungano unaoweka kanuni za mitandao ya simu, katika Toleo la 5, mwaka 2002. Ndani yake kuna seva tatu za kukumbuka. P-CSCF ni mlango: simu haizungumzi na nyingine yoyote moja kwa moja. I-CSCF ni kama mtu wa mapokezi, hahifadhi habari za mteja, bali huiuliza HSS, yaani hifadhidata ya wateja, ujumbe uende wapi. S-CSCF ndiyo yenye maamuzi.

Simu ikiwaka hutuma REGISTER, yaani ujumbe wa kujisajili. P-CSCF huandika anwani yake kwenye mstari wa Path na kuipitisha kwa I-CSCF, ambayo huuliza HSS na kuchagua S-CSCF. REGISTER ya kwanza hukataliwa makusudi kwa jibu la 401, lenye swali ambalo laini ya mteja pekee ina siri ya kulijibu. Simu ikituma REGISTER ya pili yenye jibu sahihi, S-CSCF hupakua wasifu wa mteja kutoka HSS na kurudisha 200 OK, jibu la kukubali, yenye mstari wa Service-Route. Sasa kila upande una kumbukumbu yake: Service-Route inaonyesha S-CSCF ya kupeleka simu zinazotoka, na Path inaonyesha mlango wa kumfikia mteja kwa simu zinazoingia.

Uhondo uko kwenye wasifu ule. Ndani yake kuna masharti yanayoitwa iFC, kila moja likiwa na namba ya kipaumbele, kichocheo (aina ya ujumbe unaoliamsha) na anwani ya seva ya huduma. Chukua mfano: sharti namba 10 linasema INVITE inayotoka kwa mteja ipelekwe seva ya kupiga simu, namba 20 linasema MESSAGE ipelekwe seva ya ujumbe mfupi. Namba ndogo hupimwa kwanza. S-CSCF inapotuma INVITE kwenye seva ya huduma, huweka mistari miwili ya Route, yaani ya njia ya kupita: wa juu ni wa seva hiyo, wa chini ni anwani yake yenyewe pamoja na alama ya utambulisho. Ujumbe ukirudi na alama ile, S-CSCF inajua ilipoishia na kuendelea na sharti linalofuata. Seva ya huduma ikiifuta alama, S-CSCF huona ujumbe mpya na kuanza upya. Ujumbe utazunguka mpaka hesabu ya Max-Forwards, yaani idadi ya seva ambazo ujumbe unaruhusiwa kupita, ambayo kwa kawaida huanzia 70, iishe na kosa 483 litokee.

Kila iFC pia husema la kufanya seva ya huduma isipojibu: simu iendelee au ikatwe. Hapa watu huteleza. Seva ya miito ya nyimbo ikifa, simu iendelee tu. Seva inayokata salio ikifa, kuendelea maana yake ni kutoa simu za bure.

Masharti yakiisha ndipo namba huangaliwa. ENUM, utaratibu wa kutafuta anwani ya SIP ya namba ya simu, huigeuza nyuma mbele, tarakimu kwa tarakimu, na kuitafuta kwenye DNS, orodha ya anwani za mtandao. Ikipatikana anwani ya SIP, INVITE huenda kwa I-CSCF ya mpokeaji, kisha S-CSCF yake, ambayo nayo hupima iFC za mpokeaji kabla ya kufuata Path. Isipopatikana, seva iitwayo BGCF huchagua njia ya kutokea, na nyingine iitwayo MGCF huipeleka simu kwenye mtandao wa simu wa zamani. Hapo video mara nyingi hufia, ikabaki sauti.

Ujumbe wa SIP na sauti yenyewe havisafiri pamoja. Kwenye 4G, kila njia ina namba ya daraja la huduma iitwayo QCI: SIP hutumia njia ya QCI 5, sauti QCI 1 na video QCI 2. Simu ikiita na kupokewa lakini kimya kikatawala, usianzie kwenye iFC. Angalia kama njia ya QCI 1 ilifunguliwa.

Hitilafu nyingine hujificha vizuri zaidi: sauti inapita, video inagoma. INVITE ya video huwa ndefu, na ikizidi baiti 1,300 SIP inatakiwa kuhama kutoka UDP kwenda TCP, njia mbili tofauti za kusafirisha data. Ukuta wa usalama kati ya seva ukiruhusu UDP peke yake, INVITE fupi zitapita na ndefu zitapotea bila jibu.

Halafu kuna usajili uliopitwa na wakati. Simu inaweza kuomba usajili wa sekunde 600,000, karibu siku 7. Huduma mpya ikiongezwa HSS, na taarifa ya mabadiliko isiifikie S-CSCF, mteja ataendelea kuhudumiwa kwa wasifu wa zamani hadi usajili ukifutwa na kufanywa upya. Ndiyo maana wahudumu hukuambia uzime simu na kuiwasha.