Gundi ya stika kwenye bodi ya gari: weka wembe chini kwanza

Kama umeshashika wembe naomba uuweke chini tuongee. Mimi nasafisha na kung'arisha magari hapa Mtwara mjini, na mengi yanayonifikia hayajaharibiwa na gundi, yameharibiwa na mtu aliyekuwa anaitoa hiyo gundi, na inaniuma kwa sababu ilikuwa inaepukika kabisa.

Wiki iliyopita imeletwa Hilux ya bluu, zamani ilikuwa ya mradi, jamaa kainunua mnadani na nembo imejaa milango yote miwili ya mbele. Ya upande wa dereva kaibandua mwenyewe asubuhi bati likiwa la baridi, ikamchanikia vipande vipande, gundi ikabaki pale pale, basi akaikwangua na kisu cha jikoni. Nikapitisha kucha, inakwama. Mkwaruzo unaokamata kucha hivyo polishi haiutoi, hapo ni kupiga rangi mlango.

Watu hawajui rangi ya gari ilivyo nyembamba. Ile klia ya juu inayotoa mng'ao na kukinga jua, kwa rangi ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 mpaka 50 tu, unywele wako mmoja una unene kuzidi hapo. Ikiisha imeisha.

Stika itoe ikiwa ya moto. Jua letu la saa saba linatosha, liache gari nje nusu saa, au azima draya ya saluni upashe kona moja mpaka bati liwe na joto ambalo kiganja bado kinavumilia, halafu inua kona kwa kucha uvute polepole huku unaikunjia nyuma ilale juu ya stika yenyewe, usiivute kuja kwako. Ikianza kuchanika simama, pasha tena.

Kwa gundi iliyobaki mambo yanageuka, na hapa ndo wengi wanakosea. Sasa peleka gari kivulini lipoe, maana kwenye bati la moto mafuta yanakauka kabla hayajaingia kwenye gundi. Osha na sabuni kwanza, huu mchanga wetu wa pwani ukibaki chini ya kitambaa unakuwa msasa. Lowesha kitambaa laini kwa mafuta ya taa (mbali na moto na sigara tafadhali) au hata mafuta ya kula, kilaze juu ya gundi dakika kumi na usisugue chochote. Ukikitoa utaona gundi imelegea, ukiisukuma na kidole gumba inajikunja vijibonge. Hapo chukua kadi ya benki iliyoisha muda, isukume ikiwa imelala, pakigoma lowesha tena. Ukimaliza osha na sabuni mafuta yote yatoke.

Thina hapana. Thina kazi yake ni kuyeyusha rangi, na gari iliyorudiwa rangi mtaani haihimili. Mwaka wangu wa kwanza niliipaka kwenye bampa la mteja, sikuuliza kama limerudiwa, rangi ikakunjamana palepale kama utando wa maziwa, nikalilipia bampa zima. Tangu siku hiyo hata mafuta ya taa najaribu kwanza ndani ya kifuniko cha tanki, kitambaa kikichukua rangi naacha.

Halafu wale mnaopaki chini ya mikorosho huko Newala na Tandahimba, ule utomvu unaodondoka na kukauka juu ya boneti sio gundi ya stika, mafuta ya taa utasugua mpaka uchoke. Wenyewe unalainishwa na maji. Laza kitambaa kilicholoa maji ya uvuguvugu robo saa, rudia kama ni wa siku nyingi.

Mlango wa abiria wa ile Hilux tuliufanya kwa utaratibu huu, ukatuchukua muda wa saa mbili na kitu, hauna mkwaruzo hata mmoja. Ila kivuli cha nembo kipo, kwa sababu rangi iliyokaa chini ya stika haikupigwa jua na ya pembeni imepauka. Nimeipiga polishi pembeni na kupaka nta, imepungua sana, lakini jua la jioni likipiga ubavuni herufi bado zinasomeka, na mwenye gari nilimwonyesha kabla hajalipa.