Wewe ni wa daftari au wa mbele kwa mbele? Namna ya kujua upangaji wa safari unaokufaa

Mwaka juzi walikuja ofisini kwangu hapa Arusha mke na mume waliorudi Zanzibar wiki mbili kabla, na bado walikuwa wamenuniana. Mke ni mhasibu. Alifungua daftari akanionyesha ukurasa wa siku ya pili Paje: saa 1:30 chai, saa 4 kuogelea, saa 7 chakula, saa 9 gari la kwenda msitu wa Jozani. Pale penye saa 4 alikuwa amekwaruza kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Walifika ufukweni saa 4 kamili, taulo mabegani, wakakuta bahari haipo. Maji yamekupwa mpaka kule mbali kwenye mwamba, umebaki mchanga na madimbwi, na kina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba zao. Mume alikunja suruali akawafuata kina mama wale, akakaa nao saa nzima na nusu, akarudi na hadithi tele. Mke alibaki kwenye kiti cha hoteli analia.

"Dada," aliniuliza, "mbona nilipanga kila kitu? Kosa langu liko wapi?"

Nilimjibu kwamba hakukosea kupanga. Alikosa taarifa moja tu. Walikwenda mapumziko ya Idi el Fitri. Idi hiyo huja na mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama ndipo bahari huingia kwenye bamvu: maji hujaa sana na hupwa sana. Pwani ya mashariki ya Unguja, ilipo Paje, siku za bamvu, maji hufika chini kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea kwa kama dakika 50. Wangekwenda wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa 4 ile ile wangeikuta bahari imejaa mbele yao. Kina mama wa mwani wanaijua kalenda hiyo kichwani, kwa sababu bamvu ndiyo siku zao za kazi.

Nimeanza na hawa wawili kwa sababu tangu siku ile nimebadilisha swali ninalowauliza wateja. Nimefanya kazi ya kupanga safari mwaka wa 15 sasa, wengi wakiwa Watanzania wanaotembea nchini mwao, na kwa miaka mingi nilikuwa nawauliza, "Unapenda kupangiwa kila kitu au unapenda uhuru?" Swali lile halina faida. Kila mtu anapenda uhuru akiwa amekaa kwenye kiti ofisini, na kila mtu anapenda uhakika akiwa amesimama stendi saa 5 usiku.

Siku hizi nauliza hivi: katika safari yako ya mwisho, ni kitu gani kilipoharibika kilikuuma zaidi?

Majibu huja ya namna mbili. Wako wanaosema, "Tulifika tukaambiwa vyumba vimejaa," au "Tulikwenda mpaka kule tukakuta pamefungwa." Hawa wanaumia wanapokosa walichokifuata. Wengine wanasema, "Nilichoka, tulikuwa tunakimbizana kama tunawahi mkutano," au "Tulipita mahali pazuri, dereva akakataa kusimama." Hawa wanaumia wanapofungwa. Wa kwanza nawaita watu wa daftari, wa pili ni watu wa mbele kwa mbele, wale ambao ukiwauliza watalala wapi wanakujibu "tutajua huko huko." Maumivu hayo ndiyo ninayoyaamini kuliko maelezo mtu anayojipa mwenyewe. Nimepata wateja waliojitangaza kuwa hawapendi ratiba kabisa, na safari iliyowaumiza kuliko zote ni ile waliyokosa tiketi.

Swali la pili ni dogo lakini linanisaidia sana. Nasema: chukulia uko Kigoma mjini, mchana mzima huna la kufanya, na wenyeji huwajui. Utafanya nini? Mwingine uso unamng'aa, anaanza kusema atashuka ziwani Kibirizi kuangalia mitumbwi, atatafuta migebuka ya kukaanga, atakaa. Mwingine anauliza papo hapo, "Ujiji ni mbali gani kutoka hapo?" Huyo tayari anajaza mchana wake. Si vibaya hata kidogo, ila mchana mtupu kwake ni hasara.

Kuna kundi la tatu, watu wa "wewe nipangie tu." Mara nyingi ni watu waliochoka: daktari, mwalimu mkuu, mama mwenye watoto wadogo. Wanasema popote, chochote. Usiwaamini moja kwa moja, na kama ni wewe, usijiamini. Nyuma ya "popote" karibu kila mara kuna kitu kimoja kimefichwa. Kwa hiyo nawaomba wanitajie jambo moja tu ambalo wakirudi nyumbani bila kulifanya watajuta. Wananyamaza kidogo, halafu linatoka: "Nataka mwanangu amwone tembo," au "Nataka nilale mpaka saa 4." Hilo nalifunga kwanza, mengine yanafuata.

Jambo la namna hiyo naliita kigingi. Safari yoyote ina vigingi vyake, na tofauti ya mtu na mtu ni urefu wa kamba. Mtu wa daftari anataka vigingi vitano kwa siku na kamba fupi. Wa mbele kwa mbele anataka viwili kwa wiki na kamba ndefu. Asiyekuwa na kigingi hata kimoja sijawahi kumwona akirudi na furaha, na nimewatafuta sana.

Somo hili mimi mwenyewe nilifundishwa na mama yangu, Lushoto. Ilikuwa Januari, nikaamua kumtembeza. Nilimwandalia siku tatu kama ninavyomwandalia mtalii anayelipa dola: Irente alasiri kutazama nyanda za chini, Magamba asubuhi msituni, kila kitu kwa saa. Pale Mombo tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda kona zile, mama akawa anatazama nje kimya, anafurahi. Tulipofika Soni akaomba gari lisimame, anunue matunda.

Alishuka. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka ndoo mbili, moja ya plamsi na moja ya peasi. Mama akachukua peasi moja, akaibonyeza karibu na kikonyo, akairudisha, akachukua nyingine. Akauliza bei, akashangaa, akauliza shamba liko wapi. Ikatokea kwamba mume wa yule mwanamke aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi baba yangu. Basi mama akavuta kigoda akakaa. Mimi nimesimama kando ya gari, natazama saa, naona Irente inanipotea. Baada ya kama dakika 40 nikamwendea: "Mama, tutachelewa." Akanitazama kwa upole kabisa.

"Mwanangu, tumekuja kutembea au tumekuja kukimbizana?"

Nilikuwa na miaka tisa kwenye kazi hii, na sikuwa nimejiuliza mama yangu anatembea kwa namna gani. Nilimpangia safari yangu. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote katika familia zinazokuja kwangu: anayeshika simu na kulipa ndiye anayepanga, na anapanga kwa maumivu yake mwenyewe. Baba aliyewahi kukosa basi anaiamsha familia nzima saa 9 usiku. Hakuna aliyemuuliza bibi kama anaiweza.

Kabla hujaanza kupanga kwa tabia yako, tambua kwamba kuna safari ambazo hazijali wewe ni mtu gani. Kilimanjaro ni mojawapo. Kilele kiko mita 5,895, na mwili unazoea upungufu wa oksijeni polepole, kwa kulala juu kidogo kila siku. Njia ya Marangu unalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na vitanda vyake vina idadi, kwa hiyo lazima uweke nafasi. Wanaotaka "tutaona huko juu" nawaambia waziwazi kwamba uhuru mlimani unanunuliwa kabla: nunua siku ya ziada pale Horombo, mwili wako ndio utakaoamua namna ya kuitumia.

Serengeti nayo ina saa yake. Kwa anayelala ndani, kibali cha kuingia hifadhini kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia geti la Naabi saa 8 mchana kwa kibali cha siku moja, kesho saa 8 uwe umeshatoka, na waliokaa kumtazama chui dakika tano zaidi ndio unaowaona barabarani wakikimbizwa na vumbi lao. Mtu wa mbele kwa mbele ahesabu hilo mapema. Mtu wa daftari naye ana mtihani wake hapo hapo: nyumbu hawaandikwi kwenye daftari. Januari hadi Machi unajua wako upande wa Ndutu wakizaa, na kati ya Julai na Oktoba unajua wako kaskazini kwenye mto Mara, lakini wavuke leo au keshokutwa hakuna mwongozaji anayeweza kukuahidi. Mteja wa daftari anayetaka kuona nyumbu wakivuka namwekea siku tatu mtoni, na kwenye ratiba naandika neno moja mara tatu: kusubiri. Likishaandikwa, linakuwa sehemu ya mpango wake na roho yake inatulia. Nimeliona likifanya kazi mara nyingi.

Na Desemba ya kwenda Moshi kutokea Dar es Salaam haihitaji maelezo marefu. Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa. Kata tiketi mapema, uwe wa daftari au usiwe.

Unataka kujipima bila kutumia hela nyingi? Kama uko Dar es Salaam, Bagamoyo haifiki hata kilomita 80. Nenda Jumamosi moja ukiwa umepanga kila saa: magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, kanisa na makumbusho ya misheni, chakula wapi, kurudi saa ngapi. Baada ya mwezi rudi ukiwa na kigingi kimoja tu, kwa mfano kufika sokoni mashua za samaki zinaporudi, na siku nzima iliyobaki iache. Usiku ukifika nyumbani, kila mara, andika mistari mitatu kuhusu ulivyojisikia saa 8 mchana. Nasema saa 8 kwa sababu asubuhi kila mtu anafurahi safari. Jua likiwa kali na miguu imechoka ndipo tabia inajitokeza. Mistari hiyo itakueleza mengi kuliko mimi.

Kuhusu hela, mtu wa kamba ndefu abebe zaidi. Anayeamua leo analala wapi leo anapata bei ya leo, na gesti iliyobaki mara nyingi ni ile ghali au ile chafu. Wateja wangu wa namna hiyo nawaambia watenge sehemu moja ya tano ya bajeti yao iwe ya kubadili nia, isiguswe kwa kitu kingine. Mtu wa daftari asome masharti ya kurudishiwa fedha kabla hajalipa, maana yeye hulipa kila kitu mwanzoni, na mtoto akipata homa siku moja kabla, fedha yote inabaki kule.

Makundi ya WhatsApp, watu 14 waliosoma pamoja wanaokwenda Mikumi, yana tatizo moja: kila kitu kinapigiwa kura. Chagueni mweka hazina, tarehe ya mwisho ya michango na vigingi viwili, hayo mengine kila mmoja ajitawale. Sina zaidi la kusema hapo.

Wale mke na mume waliendelea kuja. Siku ile ya kwanza mume alikiri mbele yangu kwamba bila daftari la mkewe wasingepata siti za boti, maana Idi watu walikuwa wengi mno bandarini. Na mke alikiri, kwa sauti ndogo, kwamba alimwonea wivu mumewe alipomwona kule kwenye mwani anacheka. Sasa wanapanga hivi: asubuhi ni ya mke, kuanzia saa 9 alasiri ni ya mume, na mwenye zamu hasemeshwi. Mwaka jana walikwenda Kilwa kwa utaratibu huo, na ratiba ya maji kujaa na kupwa mke alikuwa ameibandika ndani ya jalada la daftari.

Mama yangu nampeleka Pangani mwezi ujao. Kisiwa cha Maziwe hujitokeza maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa, kwa hiyo siku ya boti nimeichagua kwa mwezi na nimeshaongea na nahodha. Nimekata tiketi za basi mpaka Tanga na nimeweka chumba cha chini, kisicho na ngazi. Nilipomsomea karatasi hiyo kwenye simu aliniuliza jambo moja tu, kama njiani kuna mahali wanapouza machungwa.