Mkurugenzi wa tuzo hapigi kura

Tuzo ya vitabu ikishatangaza washindi, hapa Dar es Salaam hakosekani wa kusema "wamepeana tu hao." Lawama hubebeshwa mkurugenzi, hasa akiwa aliwahi kuandika habari za vitabu gazetini. Watu wanaamini alishapanga safu yake mapema. Kazi anayoifanya hasa, wachache wanaijua, kwa hiyo nayajibu madai ya mtaani moja moja.

"Mkurugenzi ndiye anayechagua mshindi." Hachagui. Chukua Booker ya Uingereza, tuzo ya riwaya za Kiingereza iliyoanza kutolewa 1969. Majaji ni watano na jopo hubadilishwa kila mwaka. Mkurugenzi hukaa nao chumbani kulinda kanuni, ila kura hana. Mwaka 2019 majaji walikwama kati ya waandishi wawili, Margaret Atwood na Bernardine Evaristo. Kanuni, iliyowekwa baada ya tuzo ya 1992 kugawanywa, inataka mshindi mmoja. Gaby Wood, aliyekuwa akiiongoza tuzo, akawaambia haiwezekani. Wakarudi kujadiliana, wakaja na majina yale yale mawili. Mwishowe majaji ndio walioshinda, na zawadi ya pauni 50,000 ikagawanywa nusu kwa nusu. Mkurugenzi angekuwa na rungu tunalomsingizia, siku ile angepatikana mshindi mmoja.

Wood alitokea magazetini. Kabla ya kuingia Booker mwaka 2015 alisimamia kurasa za vitabu za gazeti la Telegraph. Msidhani hiyo ndiyo njia pekee. Ion Trewin aliyemtangulia alikuwa mhariri wa vitabu wa The Times, kisha akahamia kwenye uchapishaji. Kabla yao Martyn Goff, aliyeiendesha tuzo hiyo kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa muuza vitabu. Kwa hiyo anayeniuliza asome digrii gani ili afike huko, sina la kumjibu zaidi ya kumwambia asome vitabu.

"Mwandishi wa habari za vitabu kazi yake ni kusifia." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Uzinduzi wa kitabu hapa mjini una utaratibu wake: mgeni rasmi, keki, mnada wa nakala ya kwanza, picha ya pamoja. Kesho yake gazeti linaandika nani alihudhuria na nakala ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua. Hiyo ni habari ya sherehe. Mhakiki anaanza kazi pale anapokaa na penseli. Ukurasa wa 40 mhusika ni yatima, ukurasa wa 112 mama yake anampigia simu kumsalimia. Anaweka alama pembeni, anarudi nyuma kuhakikisha: je, ni fumbo la makusudi au mhariri alisinzia? Kisha yote hayo ayabane kwenye maneno 600 kabla ukurasa haujafungwa saa kumi jioni, huku mwandishi wa kitabu akimtumia ujumbe, "Kaka, vipi, umenipendelea?"

Jicho hilo ndilo mhakiki anakwenda nalo akifanywa mkurugenzi wa tuzo, na akifika huko anafunga mdomo. Hawezi tena kutamka hadharani kwamba riwaya ya fulani imelegea, wakati riwaya hiyo iko mezani kwa majaji. Kwa mtu aliyezoea kula kwa kutoa maoni, huo ni mfungo mrefu.

"Majaji hawasomi vyote." Booker hupokea vitabu 150 hivi au zaidi kwa mwaka, na kila jaji husoma chote kinachoshindanishwa. Vya orodha fupi, yaani vile vichache vinavyobaki kuwania ushindi, husomwa mara tatu. Mkurugenzi ndiye anayefuatilia maboksi yaliyochelewa, ndiye anayeuliza mapema kama jaji na mshiriki ni ndugu, au kama mmoja alimsimamia mwenzake tasnifu. Kwa Kiswahili swali hilo ni gumu zaidi, maana wataalamu wetu wa riwaya na ushairi wanajuana kuanzia Mlimani hadi Zanzibar. Kufuta jina la mwandishi kwenye mswada kunasaidia, ingawa msomaji mzoefu humtambua mshairi kwa beti mbili tu.

"Aliyekosa tuzo kitabu chake kibovu." Abdulrazak Gurnah aliingia orodha fupi ya Booker mwaka 1994 kwa riwaya ya Paradise, akakosa. Mwaka 2021 akapata Nobel. Riwaya ile ile sasa tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota ya hapa hapa Dar.

Na "tuzo ni za wanaoandika Kiingereza"? Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ilianzishwa 2014, wakati huo ikiitwa Mabati-Cornell, na Lizzy Attree pamoja na Mukoma wa Ngugi. Attree aliwahi pia kuiongoza Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika. Ilipoanza, zawadi za tuzo hiyo ya Kiswahili kwa jumla zilikuwa dola 15,000. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza akaondoka na shilingi milioni 10. Picha za hundi ndizo zinazosambaa. Ukikutana na mkurugenzi wa tuzo yoyote, hundi achana nayo. Muulize mswada ulioshinda utachapwa nakala ngapi, na nani atazifikisha Kasulu na Tandahimba.