OK haikuzaliwa vitani

Kila baada ya muda ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: eti OK ni kifupi cha "0 Killed", yaani hakuna aliyeuawa, na kwamba askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliiandika ubaoni jioni wakirudi kambini salama.

Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Vita hivyo vilianza 1861. OK ilishachapishwa kwenye gazeti moja la Boston tarehe 23 Machi 1839, miaka 22 kabla, na maana yake ikawekwa palepale: "all correct", kila kitu kiko sawa. Enzi hizo kulikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa tahajia mbovu ya makusudi, ndipo ikapatikana "oll korrect", kifupi chake OK. Vijana wetu wanaoandika "xaxa" wangewaelewa vizuri tu. Mwaka uliofuata kampeni za urais ziliidaka, ikaenea.

Wapo wanaoitafuta asili yake kwa Wachoktaw, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, au Afrika Magharibi. Mjadala haujafungwa, ingawa maandishi yaliyopo yanaelemea Boston.

Kinachotuchanganya ni herufi O kufanana na sifuri. Kuhakiki ni rahisi: fungua kamusi kubwa ya Kiingereza yenye historia ya maneno, tazama mwaka neno lilipoonekana mara ya kwanza, linganisha na tukio linalotajwa. Ukiletewa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mwandikie aliyetuma, kwa upole na ikiwezekana faraghani, hiyo tarehe ya 1839.