Ukiokota Sarafu ya Dhahabu ya Kirumi, Usiisugue

Detekta, zile mashine za kutafuta metali ardhini, siku hizi zinanunuliwa kirahisi, na Waswahili wa hapa England nao wameanza kuzunguka mashambani wikiendi. Hakuna ubaya. Ubaya ni sisi wachunguzi wa sarafu kuletewa solidusi, sarafu ya dhahabu ya Kirumi ya zama za mwisho, iliyokwisha kusuguliwa kwa dawa ya meno. Dhahabu haishiki kutu, jamani! Mkwaruzo ukishaingia kwenye uso wa Kaisari hautoki, na picha ndiyo tunayosoma.

Aureusi, sarafu ya dhahabu ya zama za awali, ya Kaisari Claudius ya mwaka 46 au 47 ina tao la ushindi lililoandikwa DE BRITANN: tangazo la kutekwa kwa kisiwa hikihiki, kuanzia mwaka 43. Mwanamke mwenye mabawa unayemwona kwenye sarafu nyingi si malaika. Ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi. Wala herufi TROB, zinazoonekana kwenye baadhi ya sarafu, si jina la mwenye mali. TR ni Trier, mji ulio Ujerumani ya leo, ilikofuliwa, OB ni dhahabu iliyosafishwa.

Sasa utaratibu. Kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, afadhali ya maandishi. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi zilizopatikana pamoja, zenye umri wa miaka 300 na zaidi na dhahabu au fedha isiyopungua asilimia 10, ni hazina. Utoe taarifa ndani ya siku 14 tangu kuziokota, au tangu ulipotambua kuwa huenda ni hazina. Taarifa humfikia mchunguzi wa vifo (coroner). Ndiyo, huyohuyo wa maiti, usishangae. Ofisa wa mambo ya kale wa kaunti yako (Finds Liaison Officer) atakusaidia kuipeleka. Ukificha, adhabu ni kifungo hadi miezi mitatu, faini, au vyote viwili. Sarafu moja peke yake kwa kawaida si hazina, lakini hiyo haiifanyi yako: kuna mwenye shamba. Scotland wana sheria yao.

Makumbusho ikiitaka hazina hulipa thamani yake, na kwa desturi mwokotaji na mwenye ardhi hugawana nusu kwa nusu. Mwaka 1992, huko Hoxne, Suffolk, mwanamume aliyekuwa akitafuta nyundo ya mkulima alikuta dhahabu, akaacha kuchimba akatoa taarifa. Wanaakiolojia wakatoa sarafu za dhahabu zaidi ya 560 na za fedha zaidi ya 14,000. Tuzo ilikuwa pauni milioni 1.75. Nyundo nayo ilipatikana; iko British Museum.